Breki ya Mara Mbili

Mpwa wangu alirudi akiikokota pikipiki. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja jioni, nami nilikuwa barazani nasahihisha mitihani. Nilisikia tairi likisaga changarawe bila mlio wa injini. Kioo cha upande wa kulia kilikuwa kinaning'inia, na goti la suruali yake lilikuwa wazi.

"Mjomba, hii mashine haina breki."

"Ina breki. Ulishika mara mbili?"

Alinitazama kama anayepima kama nimesema utani au la.

"Kwani breki hushikwa mara mbili?"

Sikumjibu. Nilimpa maji aoshe goti, nikarudi kwenye karatasi zangu.

Ilivyokuwa ni hivi: teksi ilisimama ghafla mbele yake karibu na soko kuu la Jinja, kumchukua abiria aliyeinua kidole. Akavuta mkono wa breki ya mbele. Mkono ukaja, ukaja, ukagusa raba ya usukani. Alipoukumbuka mguu, gurudumu la nyuma lilikuwa tayari linateleza. Bampa la teksi halikupata hata mkwaruzo, ila dereva alimpa maneno ambayo mpwa wangu alikataa kunitafsiria.

Swali lake lilikaa nami wiki sita.

Kuomba na kuamuru

Pikipiki yenyewe ni Honda CB550 ya mwaka 1976, ya marehemu baba. Aliinunua Nairobi ikiwa tayari imetumika, akaipitisha mpakani Malaba, akaja nayo mpaka kambini tulikokulia. Watoto wa kambini wanajua maana ya kuwa na baba fundi: kila kitu ndani ya nyumba kinafanya kazi, lakini hakuna anayeweza kukiwasha isipokuwa yeye.

Alinifundisha kuiendesha nikiwa na miaka 16. Somo la kwanza halikuwa klachi wala gia, lilikuwa breki. "Mara ya kwanza unaiomba," alisema, "mara ya pili unaiamuru." Akanishika vidole, akanionyesha: moja, mbili. Ya kwanza mkono unakuja mbali na bure, ya pili unakamata katikati ya safari.

Nikadhani ndivyo breki za diski, zile zenye sahani ya chuma inayobanwa na pedi, zilivyo. Pikipiki nyingine zote nilizozijua wakati huo zilikuwa na dramu na kebo, kwa hiyo sikuwa na cha kulinganisha. Nilijiona nimefunguliwa siri ya mashine kubwa. Honda ilipotoa CB750 mwaka 1969, ile ndiyo iliyoleta breki ya mbele ya diski inayosukumwa na mafuta kwenye pikipiki zinazotengenezwa kwa wingi, na hii yetu ni mdogo wake wa karibu. Nilifikiri jambo la heshima kama hilo lazima liwe na adabu yake.

Miaka 22 nimeomba na kuamuru. Nimefika nayo Mbale, nimefika Kasese, nimepita msitu wa Mabira usiku kwenye mvua nyuma ya malori ya miwa.

Tangi lina bonde upande wa kushoto. Baba alisema ni ng'ombe wa Iganga, aliyeruka barabarani ghafla. Tulikua na ng'ombe huyo kama mtu wa ukoo, na kila mgeni alisimuliwa habari zake. Siku chache baada ya ajali ya mpwa wangu nilisimama mbele ya bonde lile, nikajikuta nauliza jambo ambalo nisingependa kuliuliza. Ng'ombe aliruka ghafla kiasi gani? Na baba alikuwa amefika kwenye kuamuru, au alikuwa bado anaomba?

Upepo

Mwambie fundi yeyote kwamba mkono wa breki unakuja mbali. Jibu utalipata kabla hujamaliza sentensi.

Upepo.

Na mara nyingi anakuwa sahihi. Mafuta ya breki hayabanwi, hewa hubanwa. Kiputo kikikaa ndani ya mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta, nguvu ya vidole vyako inaishia kukiminya kiputo na diski haipati kitu. Kwa hiyo tulitoa upepo, mimi na fundi wa mtaani kwetu, mara tatu ndani ya wiki mbili. Mafuta yaliyotoka mara ya kwanza yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Hilo peke yake ni aibu, kwa sababu mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani, na sisi tunaishi kando ya ziwa. DOT 4, aina ya mafuta ya breki ninayotumia, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kiwango chake kinashuka hadi 155. Yale ya kwangu sidhani kama yalikuwa bado yanahesabika.

Tone moja lilianguka kwenye tangi. Nilikuwa nimeshaambiwa: likianguka, mwaga maji mengi hapo hapo, usifute kwa kitambaa. Nilifuta kwa kitambaa. Sasa kando ya bonde la ng'ombe kuna doa lisilo na rangi, saizi ya sarafu.

Mara ya tatu fundi aliufunga mkono wa breki kwenye usukani kwa utepe wa tyubu, tukauacha umebanwa usiku kucha. Huo ni ujanja wa zamani: viputo vidogo hupanda polepole, na asubuhi ukiachia mkono vinatokea kwenye kikopo cha mafuta. Asubuhi nilifungua utepe kwa matumaini ya mtoto anayefungua zawadi.

Mwisho wa safari yake mkono ulikuwa mgumu kama jiwe. Lakini mwisho wenyewe ulikuwa pale pale, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye raba.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikiubana na kuuachia kwa muda mrefu, mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimegundua kwamba kwa wiki mbili nimekuwa nikichanganya mambo mawili. Breki yenye upepo ni laini: unabana, na haifiki mahali pa kusema basi. Yangu ilisema basi waziwazi. Ila ilisema ikiwa imechelewa.

Mbali si laini.

Kama ningelitenganisha hilo mapema, ningeokoa chupa mbili za mafuta na rangi ya tangi.

Pini iliyolala

Kalipa ya pikipiki hii, yaani koleo linalobana diski, ina pistoni moja tu, upande mmoja wa diski. Pistoni inasukuma pedi yake. Pedi hiyo ikishagusa diski, kalipa nzima, ambayo imening'inizwa kwenye mkono wa chuma wenye pini kama bawaba ya mlango, inatakiwa ijongee ili pedi ya upande wa pili nayo ije. Ni wazo zuri ilimradi bawaba iko hai.

Bawaba yangu ilikuwa imekufa. Ile pini ilibidi niitoe kwa nyundo, mafuta ya taa na siku mbili za kusubiri. Ilitoka nyekundu kwa kutu.

Hapo ndipo nilipoelewa hesabu ya baba. Kalipa isipoweza kujongea, pistoni inaipinda diski kidogo kuelekea pedi ya pili. Ukiachia mkono, diski inajinyoosha na kuirudisha pistoni ndani, mbali kuliko inavyopaswa kurudi. Safari inayofuata inaanzia nyuma. Lakini ukishika tena haraka, kabla mafuta hayajarudi yote kikoponi kupitia tundu lake dogo, masta, ile pampu ndogo ya mafuta kwenye usukani, inapata muda wa kuongeza mengine juu ya yale, na mkono unakamata juu zaidi.

Moja, mbili. Kuomba, kuamuru.

Kile nilichofundishwa kuwa ufundi wa kuendesha kilikuwa dalili ya ugonjwa. Baba alisikiliza ugonjwa vizuri sana, akaupangia mdundo, akaurithisha.

Simlaumu. Spea za Honda ya silinda nne zilikuwa zinapatikana wapi Uganda ya miaka ile? Hata leo sili ya pistoni ilinibidi niiagize Nairobi, ikaja kwa basi ndani ya bahasha. Sili hiyo ni pete ya mpira yenye pembe nne, na kazi yake si kuzuia mafuta tu. Pistoni inapotoka, pete inajipinda nayo. Ukiachia, inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kidogo sana, kiasi cha kuifanya pedi iache kusugua. Mfereji inamokaa pete ulikuwa na ukoko mweupe, mgumu, wa alumini iliyoliwa na maji. Nilitumia jioni nzima kuukwangua kwa kijiti cha mwanzi, maana chuma kingeuchora.

Kisha nikapaka pini grisi, nikaifunga, nikarekebisha skrubu ya kalipa: ingiza mpaka pedi ya ndani iguse diski, rudisha mpaka gurudumu lizunguke huru, ongeza nusu mzunguko, kaza nati. Nilifunga waya kwenye shokapu ya mbele, ncha yake ikaribie diski, nikazungusha gurudumu kutazama kama diski inayumba. Haikuyumba kwa kiasi ambacho jicho langu lingeona.

Nikapanda. Nikashika mara moja. Nikashika mara mbili. Hakuna tofauti! Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mara ya kwanza na ya pili kuwa sawa.

Na zote mbili zilikuwa bado mbali.

Nusu ya kukata tamaa

Sehemu hii ndiyo karibu niishie. Pedi nzuri, sili mpya, mafuta safi, diski imenyooka, kalipa inajongea. Nikaanza kujiambia maneno ya mtu aliyechoka: labda ndivyo zilivyotengenezwa. Labda mikono ya Wajapani wa 1976 ilipenda hivyo.

Kijana mmoja anayeuza spea alinishauri niivue masta nifunge nyingine, yenye pistoni nene zaidi. Alikuwa na hoja. Masta yangu ni ya milimita 14. Ukiweka ya karibu milimita 16, kila mvuto unasukuma mafuta zaidi kwa zaidi ya robo, kwa hiyo mkono unakuja kidogo. Lakini kwa kiasi hicho hicho vidole vinapaswa kubana kwa nguvu zaidi ili kupata breki ile ile. Unapunguza umbali kwa kulipa kwa misuli. Na kilichosababisha umbali kinabaki pale pale, kimefichwa tu.

Nyumba yetu imejaa maarifa ya namna hiyo. Mlango wa jikoni unainuliwa kwanza, ndipo usukumwe. Kufuli la geti linataka ufunguo uvutwe nje kidogo kabla ya kuzungushwa. Mgeni akishindwa, tunacheka, tunamwonyesha, tunajiona wenyeji. Nimewahi kumwona binti yangu akimfundisha rafiki yake mlango ule kwa sauti ile ile ya baba akinifundisha breki. Unauinua kwanza, halafu...

Sikununua masta.

Badala yake nilifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta nikachungulia. Chini kabisa kuna tundu dogo kama la sindano. Ukianza kuvuta mkono polepole, pistoni ya ndani inapoanza kwenda, mafuta yanaruka kidogo kutoka tunduni, kama chemchemi ya sisimizi, halafu sili inalipita tundu na uso unatulia. (Vuta taratibu kweli. Ukivuta kwa hasira chemchemi inaruka mpaka jichoni.) Nilivuta. Mkono ulikuja robo ya safari, ukaja theluthi, na uso wa mafuta haukutikisika.

Theluthi ya safari, na pistoni ilikuwa bado haijaguswa.

Katwe

Nilifungua masta pamoja na mkono wake, nikavitia kwenye kavera, mfuko wa plastiki, nikapanda teksi kwenda Kampala. Watu wa Jinja tunasema Jinja ndiko kulikokuwa na viwanda. Lakini ukitaka kitu kichongwe kiwe kama kilivyokuwa, unakwenda Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala.

Mzee niliyeelekezwa kwake ana mashine moja ya kukereza na benchi moja. Nilianza kumsimulia: kalipa, pini, sili, DOT 4. Aliniachia nimalize sentensi mbili.

"Lete, ssebo."

Hakutazama masta. Aliushika mkono wa breki kwa vidole viwili akautikisa juu na chini, kisha mbele na nyuma. Ulicheza kwenye bolti yake kama jino la mtoto. Akauchomoa, akanionyesha tundu la bolti: halikuwa duara tena, lilikuwa yai. Akanionyesha kisigino cha mkono, pale unapoisukuma pistoni. Palipaswa kuwa na uvimbe wa mviringo. Palikuwa na bapa, lenye kung'aa.

Alichukua venia yake, akapima, akaninyoshea nisome mwenyewe. Kisigino na tundu kwa pamoja vilikuwa vimepoteza karibu milimita moja na nusu.

"Hiyo ni ndogo," nilisema.

"Pima kutoka bolti mpaka kisigino."

Milimita 25.

"Sasa pima kutoka bolti mpaka vidole vyako vinaposhika."

Milimita 150.

Nafundisha hisabati. Nimewahi kuchora nyenzo ubaoni mara ngapi, na jiwe upande mmoja na mtu upande mwingine? Uwiano ni sita. Milimita moja na nusu pale kwenye kisigino ni milimita tisa kwenye vidole, tisa za bure ambazo hazisukumi chochote. Wiki sita nilikuwa nimetafuta ndani ya mafuta, ndani ya mpira, ndani ya kalipa, mahali pote pasipoonekana. Kitu chenyewe nilikuwa nakishika kila siku.

Mzee hakucheka, ingawa alikuwa na haki. Alilitoboa tundu likawa duara kubwa, akakereza bushi ya shaba, akaipachika kwa kuibana kwenye jiliwa. Kwenye kisigino alitoboa shimo dogo, akapigilia kipande cha shaba kikabaki kimechomoza, akaanza kukisaga kwa tupa, anajaribu, anasaga, anajaribu.

Nilimwomba asiache nafasi yoyote. Nilitaka mkono uguse pistoni mara tu ninapougusa mimi. Nilikuwa nimechoka na ubure.

Alisimamisha tupa.

"Ukifanya hivyo utakufa, mwanangu."

Akaniambia kwa nini, na ni jambo ambalo ningepaswa kulijua kwa sababu nilikuwa nimeliona kwa macho yangu kikoponi. Mkono usipoiachia pistoni kabisa, pistoni hairudi mpaka mwisho, na lile tundu kama la sindano linabaki limezibwa. Breki ikipata joto mafuta yanatanuka. Hayana pa kurudi. Yanasukuma pedi, pedi zinasugua, joto linazidi, mafuta yanatanuka zaidi, mpaka gurudumu la mbele linajifunga lenyewe katikati ya barabara.

Akasaga tena. Alipomaliza, mkono ulikuwa na mchezo mdogo sana, unaohisika zaidi ya kuonekana. Akaniwekea kidole changu juu yake.

"Hapo."

Alinitoza pesa kidogo kiasi kwamba nilirudi na mkate na ndizi za kuchoma kutoka Namawojjolo, na bado nikaona nimemdhulumu mtu.

Taa

Nilifunga kila kitu Jumapili. Tukatoa upepo mara ya nne, safari hii kwa haki. Sasa mkono unakamata kabla haujafika nusu. Nilikwenda hadi Lugazi na kurudi. Njiani nilisimama Mabira mara mbili, nikaiweka pikipiki kwenye stendi kubwa, nikazungusha gurudumu la mbele kwa mkono kuona kama pedi zinasugua. Lilizunguka huru. Diski ilikuwa ya uvuguvugu, basi.

Pale stejini vijana wa bodaboda waliniuliza imekuwaje. Nilipoanza kueleza habari za kisigino, mmoja akaniambia yeye breki ya mbele haigusi kabisa, maana inapindua watu. Wawili wakamuunga mkono. Nikasema ukishika breki uzito wote unakimbilia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha, unalishika polepole kisha unazidisha. Walinisikiliza kwa heshima wanayompa mwalimu. Hakuna aliyeahidi chochote.

Wiki iliyopita nilimpa mpwa wangu ufunguo tena. Aliushika mkono wa breki mara moja, pikipiki ikiwa imesimama, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka. Hakuna kilichohitaji kufundishwa. Kioo kipya amenunua yeye.

Jana tulikwenda mjini pamoja, mimi mbele na Honda, yeye nyuma yangu na Boxer ya rafiki yake. Tulipofika alivua kofia akanifuata.

"Mjomba, mbona taa yako ya breki inawaka mara mbili kila unaposimama?"

Nikamwambia ni swichi.